Aliyemwagwa Hamwagwi Tena

Mwaka ule mfalme alipoangushwa, Ustinya Yegorovna hakulipaka grisi gurudumu la toroli lake hata mara moja, na hapakuwa na mtu katika uwanja wa kiwanda cha Haugwald asiyejua sababu. Toroli lilipiga kelele kutoka kwenye tanuru mpaka kwenye jaa la mavi ya chuma, yale makapi ya tanuru, likapiga kelele kurudi, asubuhi hadi jioni, mpaka wanaume wa karakana ya kusubu chuma wakamsihi kwa jina la Mama wa Mungu alipake japo mafuta ya taa. Aliwajibu kwamba gurudumu liko mazoezini. Siku litakapombeba nyapara Kapiton Lukich, alisema, litalia vivyo hivyo, ili mkewe asikie akiwa jikoni kwake.

Hasira ya namna hiyo haizuki hivi hivi. Mumewe Ustinya, Yefrem, aliungua zamani, siku chuma kilichoyeyushwa kilipomwagwa katika kalibu yenye unyevu kikaruka juu. Wenye kiwanda, kwa huruma yao ambayo waliitangaza sana, wakampa mjane toroli. Fidia yake ndiyo hiyo. Alisukuma takataka za tanuru katika mvua na theluji mpaka mikono yake ikawa migumu kuliko ya wanaume, na kwa mikono hiyo akamlea mwanawe wa pekee, Averyan, katika kona ya chumba cha chini ya ardhi karibu na Mfereji wa Obvodny. Chumba kizima hawakukimudu: walikuwa na pazia la gunia, kitanda cha mama, benchi la mwana, na picha ya Mtakatifu Nikola ukutani. Kijana alipokua akaingia kiwandani akawa fundi wa kalibu. Vita vilipoanza hakuchukuliwa, maana mafundi wa makombora waliachwa wafanye kazi. Ustinya alimshukuru Mungu kila alfajiri, wala hakuona aibu mbele ya majirani waliokuwa wakilia.

Shida ilianza na nyama. Vuli ya mwaka uliotangulia kuanguka kwa mfalme, duka la kiwanda liliuza nyama iliyonuka hadi mbwa wakaikataa, na karakana ikagoma. Kapiton Lukich akapanda juu ya sanduku, tumbo mbele, akasoma tangazo kwamba atakayegoma atafutwa katika idadi ya mafundi na kupelekwa vitani. Katikati ya kusoma, mtu akapiga mluzi wa vidole viwili, mrefu, wa kihuni, na karakana nzima ikaangua kicheko. Mpiga mluzi alikuwa Averyan. Hakuwa kiongozi wa mgomo wala mjumbe wa chama chochote. Alikuwa kijana mwenye meno mazuri na mluzi mkali, basi. Nyapara hakucheka.

Kaka yake Ustinya alifuga mabata bukini kijijini kwao, upande wa Pskov. Ustinya akapanda treni, akamlilia kaka, akarudi na bukini mnene chini ya shali, akaenda kupiga hodi kwa Kapiton Lukich katika nyumba ya wasimamizi pale getini. Nyapara alimpima yule ndege kwa mkono, akampa mkewe, akasema kwa upole, "Nenda kalale, mama. Kijana ni mtoto bado, damu inamchemka tu. Nitamwangalia." Ustinya akaubusu ule mkono. Jumapili harufu ya bukini wa kuoka ikatanda uwanja mzima, na Jumatatu Averyan akaitwa jeshini.

Ustinya alimkimbilia nyapara uwanjani, akapiga magoti kwenye tope mbele ya watu wote. Akashika pindo la koti lake. Kapiton Lukich alikuwa akizungumza na mhandisi. Akatazama chini, kisha akatazama nyuma ya yule mwanamke, akasema, "Ondoka njiani, bibi. Toroli linataka kupita."

Toroli lenyewe lilikuwa la Ustinya, na hapakuwa na wa kulisukuma ila yeye. Akainuka, akalisukuma. Bukini angeweza kumsahau. Hata uongo wa mtu mkubwa angeweza kuumeza, maana alishazoea kuumeza. Lakini kule kuinuka akasukuma kulimkaa kooni kama mfupa, na aliapa mbele ya Mtakatifu Nikola kwamba Kapiton Lukich ataulipia mfupa huo.

Basi majira ya baridi yalipokuwa yanaisha, wanawake wa foleni za mkate walichoka, askari wakakataa kuwapiga risasi, na mfalme akaondoka. Viwandani ikazuka desturi. Nyapara aliyechukiwa alivishwa gunia kichwani, akamwagiwa rangi nyekundu ile ya kuzuia kutu, akashikishwa ufagio kama bwana harusi anavyoshikishwa mshumaa kanisani, kisha akapakiwa kwenye toroli na kusukumwa nje ya geti huku watu wakipiga masufuria, hadi ukingoni mwa mfereji, na huko akamwagwa. Aliyetolewa kwa toroli hakurudi. Angerudije? Hata wauza mbegu za alizeti wangemcheka.

Kapiton Lukich hakuwa mjinga. Bendera za kwanza hazijakauka rangi, akapeleka habari kwamba mapafu yanamsumbua, akaenda kwa mama mkwe wake huko Luga. Ustinya alifika na toroli mlangoni kwake akakuta kufuli. Wiki zilizofuata karakana nyingine zilikuja kuliazima lile toroli kwa manyapara wao. Aliwaazima kwa shingo upande, na liliporudi alilikwangua rangi yote hadi mbao zikabaki tupu. "Hii si rangi yake," alisema.

Serikali mpya ilijiita ya muda, na kwa hilo haikumdanganya mtu. Mawaziri walikuja na kuondoka. Fevronya, mama aliyechemsha maji ya chai kiwandani na shoga wa Ustinya wa siku nyingi, alilalamika kwamba mtu hajamaliza kujifunza jina la mmoja, tayari yuko mwingine, na wote wana ndevu zile zile. Ila jambo moja hawakulibadilisha: vita. Kila waziri aliyepanda jukwaani aliapa kupigana mpaka ushindi. Mwezi Juni wakaamuru shambulio kubwa, na baada ya shambulio hilo habari za Averyan zikakatika. Hakutajwa kati ya waliokufa wala kati ya wazima. Ustinya alikwenda kuuliza katika kila dirisha alilooneshwa, na kila dirisha lilimwelekeza dirisha jingine.

Julai watu walimwagika barabarani na bunduki, wakapigwa, wakatawanyika. Serikali ikajiona ina misuli, wenye viwanda wakajiona wana serikali, na Kapiton Lukich akarudi. Alirudi amenenepa kwa siagi ya Luga, amevaa kofia ya majani makavu, na kifuani utepe mwekundu. Akaanza kumwita kila mtu ndugu. Asubuhi ya kwanza alimkuta Ustinya kwenye jaa, akavua kofia. "Habari za asubuhi, ndugu Ustinya."

"Ndugu yangu yuko Pskov, anafuga mabata bukini," alisema Ustinya. "Mabata wake unawajua."

Akalisukuma toroli moja kwa moja hadi ofisi ya kamati ya wafanyakazi, akaliacha mlangoni, akaingia. Mwenyekiti alikuwa Gordei, fundi wa mashine, mtu mwema, mwembamba, aliyependa maazimio kuliko wengine wanavyopenda vodka. Chini yake kiwanda kilipiga kura juu ya kila kitu. Kulikuwa na azimio hata la nani aanze kuchota maji ya chai. Na bahati mbaya, kamati ilikuwa imepitisha azimio la kupiga marufuku kumtoa mtu kwa toroli.

"Shangazi," Gordei alimwambia, "zile zilikuwa njia za kizamani. Sasa sisi ni watu wenye mwamko. Adui yetu ni ubepari, mtu mmoja mmoja hana uzito."

"Ubepari sikuupelekea bukini. Nilimpelekea Kapiton."

Gordei alicheka, akamwahidi kulitazama suala hilo. Ustinya alishaahidiwa kutazamiwa mambo. Akatoka bila kuaga, na toroli lililia siku hiyo hadi Gordei akafunga dirisha.

Mwisho wa Agosti jenerali mmoja akaamua kuuvamia mji ili kuurudisha katika adabu. Mawaziri wakajiuzulu kwa mara nyingine, magazeti yakatoka na vurugu tupu, na viwanda vikapewa bunduki. Wanaume wa tanuru walichimba mahandaki kando ya barabara, na askari wa akiba kutoka kambi iliyo ng'ambo ya mfereji wakaja kuwafundisha kulenga shabaha. Kila mtu alikuwa na hofu isipokuwa Kapiton Lukich. Fevronya alimpelekea chai ofisini akamkuta akimwambia mhandisi, bila hata kushusha sauti, kwamba hatimaye amepatikana mwanaume mmoja nchi hii, na jenerali akishaingia mjini, yeye Kapiton atawaonesha hao wa matoroli.

Fevronya aliweka birika chini akaenda mbio hadi uwanjani. Ni mama mwenye miguu mibaya, hakuwa amekimbia tangu harusi yake.

Jenerali hakufika. Askari wake waliongea na wafanyakazi wa reli, wakaona hawana ugomvi nao, wakaketi. Na jioni ya habari hiyo karakana ya kusubu ikajaa hadi watu wakaning'inia kwenye winchi. Maneno ya Kapiton Lukich yalisomwa kwa sauti. Gordei, ambaye alikuwa mwekundu kwa hasira na kwa aibu, akapendekeza marufuku ya toroli iondolewe kwa safari moja tu. Mikono ilipanda yote. Walipoulizwa toroli litoke wapi, hakuna aliyejibu, kwa sababu lilikuwa tayari linasikika likija.

Ustinya hakumruhusu mtu mwingine ashike mipini. Kapiton Lukich alipakiwa akiwa na gunia na rangi na ufagio, akanung'unika sala ndani ya gunia, na gurudumu likaimba kama lilivyofundishwa. Walipopita nyumba ya wasimamizi, mkewe alikuwa ngazini, amejifunika uso kwa aproni. Ustinya alisimamisha toroli hapo kidogo, apumzike. Akainama kwenye gunia akauliza, "Bukini alikuwa mtamu?" Sala ikakatika.

Ukingoni mwa mfereji mambo yakabadilika. Prokl, mtu wa tanuru mwenye mikono kama makasia, alikuwa ameokota jiwe na kamba. Akasema rangi pekee haitoshi kwa mtu aliyetaka wote wapigwe risasi. Atoswe na jiwe shingoni. Wengine wakaitikia, na wale waliokuwa wakicheka wakaacha kucheka. Kapiton Lukich alisikia akaanza kutetemeka mpaka toroli likatetemeka mikononi mwa Ustinya.

Aliweka mipini chini, akasimama kati ya Prokl na toroli.

"Hatoswi," alisema.

"Toka, shangazi. Wewe ndiye umemtaka kuliko sote."

"Ndiyo maana hatoswi. Mkimtosa atakufa mara moja, akapumzika. Mwanangu mimi anakufa kila siku tangu vuli. Huyu hajafika hata miaka arobaini. Amejificha nyuma ya makombora yetu miaka yote hii, na kuanzia leo si mtu wa kiwanda." Akamgeukia koplo Mokey, mjumbe wa askari wa kambi ile, ambaye alikuja kutazama huku akitafuna mbegu za alizeti. "Kikosi chenu cha akiba ndicho kinachopeleka watu alikopelekwa Averyan wangu?"

Mokey akasema ndicho, na kundi jingine linaondoka karibuni, na askari wamechoka kufa kwa niaba ya wanaojificha viwandani.

"Basi mchukueni. Kikosi kile kile, handaki lile lile. Akaone alichomwonesha mtoto wangu."

Askari wakapiga makofi. Watu wa tanuru hawakupiga. Prokl akasema sawa, lakini daraja la kwendea kambini liko mbali na jioni ni ndefu, na huenda mtu akajikwaa njiani. Ustinya akaona kisasi chake kinataka kuzama mferejini kabla hakijaanza. Akamwita Gordei.

"Wewe si unapenda maazimio? Andika. Aliyemwagwa na toroli ameshahukumiwa. Hamwagwi tena, haguswi tena, na mtu yeyote wa kiwanda hiki."

Gordei aliuliza mara mbili kama ni kwa huyu au kwa wote. "Kwa wote," alisema Ustinya, maana alikuwa na haraka. Mikono ikapanda kando ya maji machafu, ya Prokl ikapanda mwisho, na ya Ustinya ilipanda yote miwili. Kisha akaishika mipini, akainua, na Kapiton Lukich akamwagika kwenye matope hadi kiunoni.

Njiani kurudi Fevronya alimshika mkono, akalia, akamwambia ana moyo wa Kikristo, kwamba amemwokoa adui yake. Wanawake wengine nao wakaanza kumwangalia kwa macho ya kanisani. Ustinya alitukanwa sana katika maisha yake, lakini hakuna tusi lililowahi kumkera kama hilo.

Siku kundi lile lilipoondoka, alikwenda stesheni. Bendi ilipiga, ingawa nusu ya wapigaji walishatoroka, na Kapiton Lukich alisimama kwenye mstari, koti la kijeshi limembana, rangi nyekundu bado imo ndani ya masikio. Ustinya alijipenyeza hadi kwake. Kutoka kwenye shali akatoa unyoya wa bata bukini, aliouhifadhi tangu vuli ile, akauchomeka katika kofia ya yule mwanaume. Kapiton Lukich hakuutoa. Alimtazama kama mtu anayetaka kuuliza jambo, na filimbi ya treni ikapulizwa.

Mwezi ule Ustinya alilala vizuri. Alimwambia Fevronya kwamba malipo ni hapa hapa duniani, kisha akacheka peke yake akisukuma toroli.

Vuli ikaingia, Serikali ya Muda ikaisha muda wake. Ilianguka usiku mmoja, na wafanyakazi wa Haugwald waliokuwa zamu walisikia mizinga wakadhani ni radi. Serikali iliyofuata ikasema vita basi. Hapo jeshi likaanza kurudi lenyewe, bila amri, juu ya mapaa ya mabehewa, kwenye ngazi za mabehewa, madirishani. Kila baada ya kazi Ustinya alikwenda Stesheni ya Warsaw pale mjini na mkate mweusi kifuani ili usigande. Alitazama nyuso mpaka macho yakamwuma. Aliita jina la mwanawe, na akina Averyan wa watu wengine wakageuka.

Mnamo Desemba, theluji ikiwa imefunika jaa, Kapiton Lukich akaingia katika karakana ya kusubu.

Mkutano ulikuwa ukiendelea. Mwanzoni hawakumtambua. Tumbo lilikwisha, sikio moja lilikuwa limeliwa na baridi, na kifuani alikuwa na utepe ambao safari hii alipewa na wengine: askari wa kikosi walimchagua kuwa mjumbe wao, kwa sababu alijua kuongea na wakubwa. Alisema hana madai. Unyapara umefutwa, anajua, na ni haki. Anaomba kazi yoyote, hata ya uwanjani. Askari waliorudi, ambao sasa walikuwa wengi karakanani, wakamwitikia.

Prokl hakumwitikia. Alipaza sauti kutoka kwenye tanuru kwamba toroli liletwe. Watu wakageuka kumtazama Ustinya, na moyo wake, kwa mara ya kwanza tangu stesheni, ukaruka kwa furaha. Huyu amerudi na wangu hajarudi, alisema moyoni. Mara hii jiwe na kamba.

Lakini Gordei alikwishanyanyuka. Alikuwa amekonda kwa kukosa usingizi, na maazimio yake yote aliyakumbuka kichwani. Akalitamka lile la mfereji neno kwa neno: aliyemwagwa na toroli ameshahukumiwa, hamwagwi tena, haguswi tena. Mtu mmoja nyuma akacheka. "Mchimba kisima huingia mwenyewe," alisema.

"Lifutwe," alisema Ustinya.

"Shangazi, ni maneno yako."

"Ndiyo maana nasema lifutwe."

Kura ikapigwa, maana bila kura Gordei asingepumua. Askari hawakuinua mikono, na wengi wa wafanyakazi nao, ambao walimtazama yule mwanaume na sikio lake wakaona yatosha. Azimio likabaki. Ndipo Kapiton Lukich akavua kofia, akaja mpaka mbele ya Ustinya. Zamani alimwita mama, akamwita bibi, akamwita ndugu. Sasa alimwita kwa jina na jina la baba, kama mtu anavyomwita mtu.

"Ustinya Yegorovna. Ulinipeleka kwake, nilifika. Nilikuwa naye."

Akasubiri aulizwe. Na Ustinya, aliyekuwa amefungua kinywa kuuliza yuko wapi, yu hai, akamwangalia usoni na kinywa kikajifunga. Kwa miaka yote aliyosukuma mizigo, alimjua mtu mwenye mzigo anayetafuta jaa. Huyu hakuja kutafuta kazi. Amelibeba neno la Averyan toka kule, limemwelemea, na anataka kulimwaga hapa, miguuni pake, kisha anyooshe mgongo aende nyumbani akalale na mkewe. Haguswi tena, sawa. Lakini hakuna azimio lililosema ni lazima asikilizwe.

"Toroli liko nje," alisema. "Grisi hakuna."

Kwa hiyo majira yale ya baridi Kapiton Lukich alisukuma mavi ya chuma, na Ustinya, ambaye wenzake walimchagua kiongozi wa kazi za uwanjani, alitembea nyuma yake. Kila siku yule mwanaume alijaribu. Alianza na hali ya hewa, akaanza na Mungu, akaanza na handaki. Kila mara alipofika kwenye jina la kijana, Ustinya alisema, "Sukuma."

Mambo kama hayo hayafichiki. Kapiton Lukich hakuweza kulibeba peke yake, akawaambia wanaume wa tanuru wakati wa chai, nao wakawaambia wake zao, na kabla ya Krismasi kiwanda kizima kilijua yaliyompata Averyan Yefremovich isipokuwa mama yake. Ustinya alipopita, maneno yalikatika. Akawa anazisoma nyuso zao. Mmoja akimtazama kwa huruma, aliona kaburi. Mwingine akimtabasamia, aliona kambi ya mateka, kitanda cha hospitali, kijana anayekula uji. Jioni moja alirudi amemzika mara tatu na kumfufua mara nne.

Fevronya alishindwa kuvumilia. "Nikuambie mimi, Ustinya. Usimsikilize yeye, nisikilize mimi. Ni maneno machache tu."

"Ukiniambia, usiniamkie tena."

"Unajitesa mwenyewe, mwanamke. Yeye anakula, analala."

"Halali. Muulize mkewe. Anaamka anatembea chumbani." Ustinya alikaza shali. "Siku atakaponiambia, atalala. Sitaki alale."

Yeye mwenyewe hakulala pia, lakini hilo hakumwambia mtu. Nyuma ya pazia la gunia benchi la Averyan lilikuwa limetandikwa. Alikaa kando yake akiwaza kwamba kesho atamwuliza, kesho, neno moja tu, ndiyo au hapana. Na asubuhi akiuona mgongo ule umeinamia mipini, lile tope la vuli lilimpanda tena magotini, naye akasema sukuma.

Ikafika siku moja ya Februari. Njia ya kwenda jaani iliganda, na Kapiton Lukich, ambaye alidhoofika sana, akateleza kwenye mteremko. Toroli likapinduka, mavi ya chuma yakatawanyika hadi kwenye theluji safi. Alijaribu kusimama, miguu ikakataa, akabaki amepiga magoti katikati ya njia, mbele ya wanaume wa tanuru waliotoka kuvuta sigara. Mikono ilimtoka damu. Akaushika ukingo wa koti la Ustinya.

"Alinipa neno nikuletee, mama," alisema. "Alinishika mkono akaniapisha. Nimelitunza. Nakuomba, lipokee, halafu nifanye utakavyo."

Prokl, yule yule wa jiwe na kamba, alivua kofia. Alitikisa kichwa kumwambia Ustinya akubali. Uwanja wote ulimtikisia kichwa.

Alinipa neno. Basi alikuwa na pumzi ya kusema, na alikuwa na sababu ya kuapisha mtu. Ustinya alililia lile neno kuliko alivyopata kulilia mkate wakati wa foleni. Lilikuwa pale, kwenye midomo iliyopasuka ya mtu huyu, sauti ya mwanawe, ya mwisho au si ya mwisho. Ilikuwa inatosha kunyamaza tu, na lingekuja. Aliuma ncha ya shali mpaka meno yakakutana kwenye sufu.

Kisha akautoa mkono ule kwenye koti lake, kidole baada ya kidole.

"Ondoka njiani," alisema. "Toroli linataka kupita."

Kapiton Lukich akainuka, akayazoa mavi ya chuma kwa mikono ile ile, akashika mipini. Gurudumu likaanza kulia kuelekea jaani, na Ustinya Yegorovna akafuata nyuma, akilia kwa sauti mbele ya watu wote, wala hakumwambia asimame.